Joka Lilibaki Linasikiliza

Leo mchana nimejivua nguo mbele ya watu wanne. (Nguo za heshima. Zile za kawaida nilikuwa nazo, pamoja na njuga miguuni. Mtaelewa.) Nawaandikia ninyi tuliokaa chumba kimoja chuoni kwa sababu mlishaniona katika hali mbaya, na kwa sababu mko Dar, kwa hiyo hata mkicheka sitawasikia. Dada anayesimamia hizi kompyuta hapa karibu na posta ameshaniuliza mara mbili kama nimefiwa. Nimemwambia bado.

Ilianza wiki mbili zilizopita. Nilipita dukani kwa akina Hitesh, niliyesoma naye sekondari. Familia yao inauza vitambaa hapa mjini tangu kabla sijazaliwa. Mnajua hali yangu. Serikali haitupangii tena kazi, kila mtu ajitafutie, na mimi nimejitafutia mwaka mzima nikiwa kwa shangazi Kirumba na shahada yangu ya takwimu. Kila ninayekutana naye njiani, salamu yake ni moja: umeshapata kazi? Hitesh hakuniuliza hivyo. Aliniuliza ningependa kuwa nani.

Nikamwuliza kuwa nani wapi, ikabidi afafanue. Binamu yake wa Uingereza alimletea mchezo. Hauna mpira wala karata. Watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia hadithi, wengine wanakuwa watu ndani ya hadithi hiyo. Unasema unachotaka kufanya, unatupa dadu, dadu inaamua kama umeweza. Wanacheza kila Jumamosi mchana, ghorofani juu ya duka. Mwenzao mmoja alikuwa amehamishiwa Shinyanga, kwa hiyo kiti kimoja kilikuwa wazi. Ningekuja kujaribu siku moja, kisha wao wangeamua kama nafaa kubaki.

Ndugu zangu, nilikitaka kiti kile kuliko barua yoyote ya usaili niliyowahi kusubiri. Mahali pa kwenda kila Jumamosi! Mahali ambapo watu wanasema, "Aa, umefika," halafu wanaendelea na mambo.

Kulikuwa na sharti moja tu. Kila mchezaji mpya lazima achague kazi ya mhusika wake: shujaa wa upanga, tabibu, mchawi, mnyatiaji au mwimbaji. Nikamwuliza Hitesh ipi ni bora. Akasema hakuna iliyo bora, nichague itakayonifurahisha.

Sasa mimi ni mtu wa kuambiwa maneno kama hayo?

Nilirudi nyumbani nikachora jedwali. Kazi tano upande mmoja, vigezo kumi na viwili upande mwingine. Nikaona jedwali halitoshi, inabidi nifanye utafiti. Nilianza na ushujaa. Pale Kirumba kuna mlinzi wa ghala la samaki, mzee wa makamo, ana rungu na koti refu. Nikamwamkia, nikamwuliza ni nini hasa kinachovutia katika kazi ya kupambana na maadui. Alifikiri vizuri kabla ya kujibu.

"Kusimama," akasema. "Kazi yote ni kusimama."

Nikaufuta ushujaa. Utabibu niliufuta bila kwenda popote, maana mlikuwepo siku ile nilipozimia kwenye zoezi la kuchangia damu, na hata zamu yangu ilikuwa haijafika. Unyatiaji niliujaribu nyumbani. Nilivua viatu nikatembea kwa ncha za vidole kutoka sebuleni mpaka jikoni, nione kama nina kipaji. Shangazi alikuwa nyuma yangu tangu mlangoni. Aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia sitafuti kitu, nanyata tu. Tangu siku hiyo sufuria ya samaki inalala chumbani kwake.

Uchawi nao unadai ukariri maneno mengi kila asubuhi. Mitihani nimemaliza.

Akabaki mwimbaji. Nilirudi dukani kumwuliza Hitesh mwimbaji anafanya nini vitani. Alikuwa anapima kitenge cha mteja, akanijibu bila kuinua kichwa kwamba mwimbaji hutumia wimbo kama silaha. Mtu wa kawaida angeuliza swali la pili. Mimi nikasema asante, nikaondoka mbio, kwa sababu nilijua mtu ambaye ametumia wimbo kama silaha maisha yake yote.

Mjomba wangu yuko Kisesa, karibu na Bujora. Enzi zake alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma. Ninyi wa pwani niwaeleze kidogo. Kwetu Usukumani kuna vyama viwili vikongwe vya ngoma, Wagika na Wagalu. Baada ya mavuno vinakutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Watazamaji wanakimbilia kule kunakonoga. Mwenye watu wengi ameshinda. Na manju hapati watu kwa kuimba habari za maua. Anamwimba manju mwenzake: meno yake, mke wake aliyekimbia, ng'ombe wake aliyekonda. Halafu jioni wanakunywa pamoja.

Nilimkuta mjomba ameigeuza baiskeli miguu juu, anaziba pancha. Nikamweleza habari za mchezo, mezani kutakuwa na watu gani, na kwamba nataka kuwa mwimbaji. Alifurahi kweli. Hakuna mpwa wake aliyewahi kumwuliza kuhusu ngoma. Alitaka kujua kitu kimoja tu: hao wenzangu ni Wagika au Wagalu?

Nikasema sijui.

"Kama hujui," mjomba akasema, "basi ni wapinzani."

Sikuona kasoro yoyote katika hoja hiyo. (Shahada. Ya takwimu.) Alinifundisha siku mbili nzima namna ya kusimama, namna ya kuanza polepole, namna ya kumtazama machoni unayemchana. Akaniambia nichunguze kila mtu nimpate mahali panapowasha. Akaniazima na njuga zake za miguuni.

Leo, basi. Nimetembea kutoka Kirumba mpaka mjini na njuga ndani ya mfuko wa plastiki, kila hatua inalia. Mbwa wawili wamenifuata. Nimepanda ngazi, nimemkuta Mama Hitesh anaweka sahani ya bajia mezani, nimemwamkia shikamoo, ameitikia marahaba na kuniambia nile. Nimekula moja. Ilikuwa ngumu kidogo. Hapo hapo akilini ubeti ukajitunga wenyewe. Laiti ningekula mbili nikashiba.

Mezani tulikuwa wanne. Hitesh ndiye msimulizi. Neema ni muuguzi, mwembamba, mpole, na kwenye mchezo ndiye shujaa wa upanga. Masalu alikuwa karani wa pamba, akapunguzwa kazini, sasa anauza viatu vya mitumba Mkuyuni. Yeye ni mchawi. Walinikaribisha vizuri mno. Masalu alinisogezea kiti chenyewe, kile kilichokuwa wazi, akaniambia mguu mmoja ni mfupi, niegemee kulia. Nilikiegemea kulia. Nikajisikia nimefika.

Hitesh akaanza. Tuko kwenye mtumbwi, tunakwenda kisiwa ambacho joka la ziwani limewameza wavuvi wote. Nilisikiliza kwa makini sana, ingawa nilijiuliza kwa nini wapinzani wangu wamekubali kupanda mtumbwi mmoja na mimi. Nikaona labda ndiyo ukarimu wenyewe. Neema akapiga kasia. Masalu akatupa dadu akawasha moto wa kichawi. Mtumbwi ukagusa mchanga, maji yakafumuka, joka likatokeza kichwa kikubwa kama nyumba.

Hitesh akanigeukia. "Mwimbaji. Zamu yako. Unafanya nini?"

Nikawaomba dakika moja. Nikainama, nikafunga njuga. Walinitazama kwa hamu. Neema hata aliweka kidevu mkononi. Nikasimama katikati ya sebule, nikapiga mguu mara tatu, nikaanza polepole kama nilivyofundishwa.

Nilianza na Neema. Niliimba kwamba huyu shujaa gani, upanga ameushika kama sindano, joka likimwona litajipanga foleni lichomwe chanjo. Nikamtazama machoni. Kidevu kikatoka mkononi.

Nikahamia kwa Masalu. Mchawi huyu, nikaimba, anatafuta miwani ilhali ameivaa. Alitaka kumgeuza adui kuwa chura, akaishia kumuuzia viatu viwili vya mguu wa kushoto.

Sasa hapa mnielewe. Dirisha lilikuwa wazi. Njuga za mjomba zina sauti ya uwanjani, si ya sebuleni. Nikasikia chini mtaani mtu anapiga mluzi, halafu mama mmoja akapiga vigelegele. Nikachungulia. Watu kama kumi na tano wamesimama wanatazama juu, na wengine wanavuka barabara kuja. Nimewavuta! Kwa kanuni zote alizonifundisha mjomba, nilikuwa nashinda. Ndani ya chumba palikuwa kimya kabisa, nami nikaamini ndivyo mtu aliyeshindwa anavyokuwa.

Nikaamua kumalizia na nyumba yenyewe. Ubeti wa bajia. Nikauimba kwa Kisukuma, kwa sababu pamoja na yote nina adabu, sikutaka mwenye nyumba akwazike. Niliimba kwamba kuchoka kote huku na panga ni kwa nini, joka tulipe bajia za nyumba hii, ling'oke meno, vita viishe. Nikarudia mara mbili. Mara ya pili nikainua bajia yenyewe juu, watu wa chini waione.

Huko chini wakaangua kicheko. Nikageuka kupokea ushindi wangu. Mama Hitesh alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya pili.

Jamani, kwa nini sikulifikiria hilo? Mimi ninayefikiri kila kitu! Mwanamke huyu ameuza khanga na vitenge kwa wakulima wa pamba tangu ujana wake. Wakulima wenyewe ni akina nani? Wanazungumza lugha gani? Alitembea mpaka nilipo, akaichukua ile bajia kutoka mkononi mwangu kwa upole, na kwa Kisukuma kinyoofu kuliko changu akaniambia:

"Lete, mwanangu. Nawe usije ukang'oka meno."

Akarudi jikoni na sahani zote mbili.

Nikakaa. Kile kiti nikakiegemea kushoto, nikaanguka. (Ndiyo. Na njuga.) Watu wa mtaani waliposikia mlio wakadhani ngoma inaendelea, wakashangilia.

Neema akanisogelea. Aliuliza taratibu, kama anavyowauliza wagonjwa wake panauma wapi.

"Samahani, kaka. Mbona umetupiga sisi?"

Nikiwa bado chini nikasema, si ninyi ndio wapinzani?

Masalu akavua miwani, akaivaa tena. "Wapinzani wa nani? Joka lile pale."

"Sisi sote tuko upande mmoja, ndugu yangu," Hitesh akasema. "Ndiyo mchezo wenyewe. Mwimbaji anawaimbia wenzake wapate nguvu."

Kisha, kwa kuwa Hitesh ni mtu wa haki na dadu ni dadu, akanitaka nitupe. Sikuwahi kupata bahati kama ile maishani. Dadu ikatua kwenye namba ya juu kabisa. Maana yake wimbo wangu ulifanya kazi kikamilifu. Shujaa akavunjika moyo, akadondosha upanga majini. Mchawi akaanza kulia, moto wake ukazimika, akamezwa. Hitesh alifunga kitabu chake na kutangaza kwamba joka halikuguswa hata gamba, lilibaki limekaa mchangani linasikiliza.

Wakaniomba nisubiri kwenye roshani wakati wanashauriana. Nilisimama pale na njuga mkononi, nikiwatazama watu wa chini ambao walikuwa bado wanaomba ubeti mwingine. Nilijua imekwisha. Nilikuwa nimeanza kupanga Jumamosi zangu zote zilizobaki: ningeosha madirisha ya shangazi, la kwanza, la pili. Ndani nilisikia minong'ono, kisha sauti ya Mama Hitesh, kisha kicheko ambacho hakikuonekana kuwa na mwisho.

Hitesh akaniita. Wote wanne walikuwa wamekaa mezani, mama naye, amekunja mikono.

Akasema nimekubaliwa.

Nikaanza kushukuru kwa maneno mengi. Akainua mkono kunizuia. Akasema kuna sharti, kwamba safari hii kazi ya mhusika wangu wameichagua wao, kwa kura nne kwa sifuri, maana mama aliomba naye ahesabiwe. Kuanzia Jumamosi ijayo mimi ni mtawa. Mtawa aliyekula kiapo cha kunyamaza.

Nikauliza kiapo ni cha muda gani. Mpaka joka life, akasema Hitesh. Nikauliza je, lina afya gani?

"Nzuri sana," akajibu Mama Hitesh. "Halijala bajia zangu."

Kwa hiyo nina kiti. Naomba msicheke, na hasa msimsimulie mtu. Ila kama kuna yeyote kati yenu anayejua iwapo chafya inahesabika kuwa neno, aniandikie kabla ya Jumamosi.