Kucha za Luhaga Kabla ya Ukweni

Redio ya Dorcas, muuza kahawa wetu pale Kirumba, ndiyo iliyoanzisha yote. Mtaalamu alisema mikono inayoshinda majini bila kupakwa mafuta huota kucha dhaifu. Benchi zima la kijiweni tukamgeukia Luhaga, anayeparua samaki soko la Mwaloni tangu alfajiri. Akaficha mikono kwapani.

"Toa hapa, ngosha, mwanamume hafichi mikono," akasema Waziri, tuliyempa jina hilo kwa kuwa hakuna wizara asiyoisemea. "Kesho si unakwenda Buswelu kujitambulisha ukweni?"

"Nakwenda."

"Basi atakayekunawisha ni Kokulinda, shangazi wa binti. Nesi mstaafu yule. Akimwaga maji anakagua kucha moja moja. Mchumba aliyetangulia alirudishwa ndizi zikiwa bado jikoni."

Luhaga akatoa mikono. Kucha zilikuwa zimebanduka kama ukoko wa ugali, ila ya kidole cha mwisho ilikuwa ndefu na imechongoka.

"Na hii?" nikamuuliza.

"Ya urembo, mzee. Naifuga."

"Kinachofugwa ni kuku. Hiyo inakatwa."

"Aziloweke kwenye mafuta ya taa," akadakia Pius, tunayemwita Chumvi kwa maneno yake kuzidi kipimo.

"Akawashwe ukweni kama taa?" nikamjibu. "Kucha haitaki miujiza. Kata fupi, kausha mikono, paka mafuta, kazini vaa glavu, na uache kuzing'ata."

"Mzee, hayo ni ya miezi. Mimi ni kesho."

"Tuanze na kuficha aibu. Afya itatukuta njiani."

Waziri akaushika mkono, Chumvi akashika bega, mimi nikakata na kusugua. Dorcas akazipaka mafuta ya nazi, kisha akatoa mkobani kichupa cha rangi ya kucha isiyo na rangi, akaanza kumpaka.

"Rangi isiyo na rangi ni ya kazi gani?" akauliza Waziri.

"Kama hotuba zako. Inang'aa tu."

Keshokutwa yake Luhaga akaja uso umemshuka.

"Shikamooni. Mmeniponza."

"Marahaba. Zilikuwa chafu?"

"Safi mno. Shangazi aliweka birika chini. Akasema, 'Mparua samaki hana kucha hizi. Ni mwanamke gani anayekutunza?' Nikamwambia ni wazee watatu wa kijiweni. Ukoo mzima ukacheka, yeye hakucheka. Anasema mahari haizungumzwi mpaka awaone hao wazee. Mnaalikwa ndizi leo jioni, atawanawisha mwenyewe."

Chumvi akavitazama vidole vyake vilivyoiva kwa tumbaku, akavikunja polepole. Nami nikajikuta kidole gumba kiko kati ya meno.

"Mimi nina msiba Nyamagana," akasema Waziri, akisimama.

"Wa nani?"

"Hajafa bado, ila hali ni mbaya."

Dorcas akafuta mikono yake, kucha kumi zikametameta kama za Luhaga.

"Waoga nyie. Nitakwenda mimi kumtolea ushahidi."

"Dada Dorcas," akasema Luhaga, "wewe ndiye usikanyage Buswelu kabisa."