Mapigo ya Moyo ya Mama Mkwe

Jumapili, 3 Mei

Habari kubwa! Kocha wa klabu yetu ya baiskeli, tarishi mstaafu mwenye vigimbi kama magogo, ametangaza kwamba timu ya mashindano imebakiza nafasi moja tu. Ya nne. Wanaoigombea ni wawili: mimi na Mfamasia. Jumamosi tutashindanishwa.

Mfamasia! Ana miaka hamsini na minane na kitambi, tena huendesha kama aliyebeba mayai. Mimi nina arobaini na minne na hasira.

Kocha katupa ratiba. Siku mbili za jasho, zilizobaki kupumzika. Kila mmoja kavishwa saa inayohesabu mapigo ya moyo na kuyapeleka kwenye simu ya kocha, ili asidanganywe. Mfamasia kaitikia kama mtoto wa darasa la kwanza. Vizuri. Yeye apumzike, mimi nifanye mazoezi. Hesabu rahisi.

Jumatatu, 4 Mei

Siku ya mapumziko. Tatizo: saa. Ufumbuzi: mama mkwe!

Yuko kwetu mwezi huu. Ana miaka sabini na mmoja, na kutwa hukaa kwenye kochi akifuma vitambaa. Nimemvika saa, nikamwambia ni ya kumwangalia afya. Alifurahi mno. Kaniombea dua ndefu, kasema wakwe zake wengine hata simu hawampigii. Nikaona haya kidogo. Ikapita nilipokanyaga pedali.

Kilomita hamsini, kilima mara tatu. Jioni kocha kanitumia ujumbe wa pongezi: moyo wangu umetulia kama wa kobe aliyelala.

Jumanne, 5 Mei

Kilomita hamsini tena kabla ya kazi. Mapaja yamekuwa magunia ya saruji iliyolowa.

Kazini balaa. Mimi ni mpima macho, na chumba cha kupimia kina giza zuri na kiti laini. Alikuja fundi seremala. Nikamwomba asome herufi kuanzia juu. Nilipozinduka alikuwa anausoma ubao kwa mara ya tatu, akauliza kwa adabu kama sasa nataka ausome kutoka chini kwenda juu. Nikamjibu kwamba wataalamu husikiliza kwa kufumba macho. Kaenda kuwasimulia walioko nje. Mwenye duka letu la miwani kaniangalia jicho pembe hadi tunafunga.

Alhamisi, 7 Mei

Mke wangu ni muuguzi. Huo ndio msiba wangu. Leo nikiwa bado kitandani kanishika mkono. Nikadhani ni mahaba. Kumbe anahesabu! Kasema kila siku moyo wangu hupiga hamsini na sita nikiamka, leo sabini na nne. Nimefanya nini? Nikamwambia ni mapenzi. Kanijibu kwamba mapenzi hayamfanyi mtu ashuke ngazi kinyumenyume akishikilia ukuta.

Nikatia pamba masikioni, nikaenda kuendesha. Njia ileile ya juzi imenichukua dakika kumi na mbili zaidi. Sababu ni upepo. Ulinipiga usoni wakati wa kwenda, ukanipiga usoni wakati wa kurudi. Sijapata kuona upepo wa aina hiyo.

Ijumaa, 8 Mei

Yamenifika!

Saa sita kocha kanipigia simu akifoka. Mbona moyo umekimbia tangu saa tatu, na nimeambiwa nilale? Nikamwambia nina homa. Akasema basi anakuja kuniona. Nikatoka dukani mbio.

Nyumbani nikakuta sebule imegeuzwa. Kabati lipo upande mwingine, mazulia yamening'inia nje, magodoro yote yako juani. Kumbe ile saa humtetemekea aliyeivaa akikaa sana, ikimwambia ainuke atembee. Leo ndipo mama mkwe kaielewa, na yeye si mtu wa kukaidi agizo la daktari. Alikuwa anaimba.

Kabla sijajilaza, hodi! Mama mkwe akawahi mlango. Kocha kasimama na mfuko wa machungwa, macho kwenye mkono wa mama.

"Mama, hiyo saa ni ya nani?"

"Yangu, baba. Mkwe wangu kanipa. Ananitunza sana huyu."

Kocha akanitazama. Mimi nikatazama kabati. Akamweleza mama taratibu, bila kupaza sauti, na kila neno likanipunguza kimo. Mama akaivua saa, akaniwekea kiganjani.

"Kumbe nilikuwa nakufichia uongo tu. Basi, baba."

Akarudi kwenye kochi. Heri angenitukana. Mke wangu naye kapata habari zote, akaanza kummenyea mama yake machungwa ya kocha. Ninapoandika haya bado anamenya.

Jumamosi, 9 Mei

Kocha kaniruhusu kushindana, eti dunia yenyewe itanifunza.

Nilitoka kama risasi. Mfamasia nilimpungia mkono bila kugeuka. Kilomita kumi, niko mbele. Kumi na tano, niko mbele. Kwenye kilima miguu ikagoma. Haikuuma, iligoma tu, kama punda. Nikashuka, nikakaa kwenye majani.

Mfamasia akafika akipiga mluzi. Akauliza kama nimekula. Akanipa ndizi, akaniambia nijikaze, akapanda kilima kama anayekwenda kusalimia jirani. Ndizi ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililoniudhi.

Nilimaliza dakika arobaini nyuma yake. Meza ya waamuzi ilishakunjwa. Aliyebaki ni mama mkwe, kasimama na mwavuli na chupa ya maji. Nikamwomba radhi pale pale, koo limekauka. Akanifunika na mwavuli.

"Kunywa kwanza, baba. Uongo wako tutauzungumza ukipata pumzi."

Na tumeuzungumza. Saa mbili nzima.

Jumatatu, 11 Mei

Kocha na mke wangu wamenikalisha kama mahakama. Wiki mbili bila baiskeli. Ufunguo wa stoo kapewa mama mkwe, na yeye hahongeki.

Lakini kocha alisema neno ambalo limenifumbua macho. Eti mwili haujengeki ukiwa barabarani, hujengeka ukiwa umelala. Kumbe! Mbona hawakuniambia mapema? Kupumzika ndiyo kazi yenyewe!

Nimedodosa pale duka la dawa. Mfamasia hulala kwa saa tisa kila usiku, na lepe la usingizi la muda wa saa moja mchana. Jumla kumi. Mimi nitalala kumi na tatu. Nimechora jedwali ukutani: usingizi, kujinyoosha, kukaa kimya. Nikizoea, wiki ijayo napandisha hadi kumi na tano.

Nimetega kengele saa kumi na dakika kumi alfajiri, niamke nianze kupumzika mapema. Mfamasia akija kuamka, mimi nitakuwa nimeshapumzika saa mbili nzima.