Deraya Inayoendeshwa na Mapenzi

Jumapili, 3 Machi

Uonevu! Deraya yangu imekataliwa tena!

Lakini kwanza mazuri. Mke wangu amenitengenezea chai. Nimeandika "mke wangu." Ngoja niandike tena: mke wangu. Huu bado ni mwezi wetu wa kwanza wa ndoa, na kila nikiyaandika maneno haya naona kalamu yenyewe inatabasamu.

Sasa uonevu. Kuna kundi letu la simu. Tunaandika pamoja hadithi moja ndefu ya mwaka elfu tano. Kila mtu ana mhusika wake na milki yake huko angani. Anaandika anachofanya, mwenzake anajibu. Mimi ni Kamanda Radi. (Mchana nauza magodoro.) Bosi alininyima likizo ya fungate, basi nikampa mke wangu mwezi wa milki yangu ya angani. Mwezi mzima! Nikauita Fungate, nikautangaza kundini mbele ya wote. Alilia kwa furaha. Akajiunga, akawa Mtunza Bustani wa Fungate. Amepanda maua, ameweka kuba la kioo, na chini ya kuba bembea ya watu wawili. Jioni tunakaa kwenye kochi, kila mtu na simu yake, tunabembea kwa maandishi. Nani mwenye fungate kama yetu?

Na nani anautaka mwezi huo? Fundi Friji! Mtengeneza majokofu wa mtaa wa pili, ambaye kundini anajiita Jenerali Barafu. Eti Fungate umekaa kwenye njia ya meli zake. Eti atauvamia Jumamosi. Mtu aliyerudia sahani kwenye harusi yangu!

Ndiyo maana nahitaji deraya. Vazi la chuma lenye mitambo ndani. Linaruka, linang'oa milima, na risasi kwake ni manyunyu. Lakini kila deraya lazima ipitishwe na Mizani. Ndivyo tunavyomwita mwamuzi wetu. Kazini ni mfamasia. Sheria yake ni moja: kila nguvu ilipiwe kwa udhaifu wa uzito uleule. Anasema hakuna dawa isiyo na madhara. Vizuri. Nikamwandikia udhaifu: deraya itazimika chini ya bahari. Akauliza kama Fungate una bahari. Nikasema hauna. Akasema basi huo si udhaifu, hiyo ni tahadhari kwa waogeleaji.

Kundi zima likacheka. Fundi Friji alicheka, akapumzika, akacheka upya.

Jumatatu, 4 Machi

Nimejaribu tena kutoka dukani, nikiwa nimelala kwenye godoro la maonyesho. (Hiyo nayo ni kazi. Mteja lazima aone godoro linalalika.) Udhaifu mpya: deraya itazimika ikiimbiwa na nyangumi. Imekataliwa! Mizani anasema udhaifu usioweza kutokea ni pambo.

Wakati huohuo mke wangu amempelekea bustani yake. Itaupa mwezi wote hewa ya kupumua. Udhaifu: mimea inamjua mtunzaji wake tu, akiondoka inakauka, na hewa inakwisha. Mizani ameipitisha papo hapo. Akaisifu kwa unyofu wake.

Sina wivu. Nimembusu, nimempongeza. Lakini papo hapo?

Nikamshauri kwa upole kwamba katika mchezo huu mtu haandiki udhaifu wake wa kweli. Akaniuliza kwa nini. Malaika huyu! Hajui vita ni nini.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Nimepata!

Nilikuwa namtazama mke wangu akikata vitunguu, machozi yanamtiririka na bado anaimba, ndipo ikanijia. Sisi hatujawahi kugombana. Hata nusu ya ugomvi! Basi deraya yangu itaendeshwa na mapenzi. Kamanda na mkewe wakipatana, inang'oa milima. Wakikosana, inazimika palepale. Ni udhaifu mzito kuliko chuma, na hauwezi kutokea kamwe!

Nikampelekea Mizani. Akauliza kama nina uhakika. Akauliza nimeoa lini. Nikamjibu. Akasema, "Aaa." Akaipitisha kwa masharti mawili: kwanza, nilete picha ya deraya, pili, katikati ya vita atamuuliza mke wangu kama tumepatana, na jibu lake ndilo jibu.

Mke wangu alinishika mashavu, akasema hajapata kusikia jambo tamu hivyo. Akaniahidi hatadanganya. Nikamwambia asidanganye! Adanganye kwa lipi?

Jumatano, 6 Machi

Nilichora picha. Fundi Friji akauliza mbele ya watu wote hilo tangi la maji nauza bei gani.

Haya. Wanataka deraya, wataiona deraya! Nimeiunda kwa mikono yangu. Kiwiliwili: sponji la godoro alilorudisha mteja. Mikono: mabomba ya plastiki. Kofia: sufuria. Ile kubwa ya harusi, tuliyopewa na shangazi wa mke wangu, iliyokuwa imekaa tu juu ya kabati bila kazi. Ina masikio mawili kama kichwa cha mtu. Kilichokosekana ni macho. Nikaazima drili kwa jirani seremala. Matundu mawili tu. Madogo. Madogo kiasi. Kisha rangi ya fedha, kisha picha.

Mizani ameikubali! Mke wangu naye ameisifu kofia, akasema ina kitu anachohisi amewahi kukiona. Nikamwambia ni mtindo wa kale.

Sufuria iko chini ya kitanda, ndani ya nailoni ya godoro. Nitaziba matundu. Ipo siku.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi Friji hana haya! Ameona hawezi kuishinda deraya, sasa anataka kutugombanisha. Alimwandikia mke wangu kundini, "Shemeji, sema kweli, Kamanda anakoroma?" Mke wangu akajibu kwamba ninakoroma kama paka aliyeshiba, na kwamba yeye bila sauti hiyo hapati usingizi. Kundi zima likapiga makofi. Fundi Friji akauliza tena nani anaosha vyombo. Mke wangu: "Wote wawili, tena tukiimba." Nilitaka kumbeba nizunguke naye mtaa mzima.

Ila kuna jambo dogo. Mama mkwe na shangazi mtu wanakuja kula mchana kesho. Mke wangu anataka kupika kwenye sufuria ya shangazi ili shangazi afurahi. Akauliza iko wapi. Nikasema ameiazima seremala. Akauliza seremala anafanya nini na sufuria. Nikasema ana wageni.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu naomba ifike Jumamosi jioni tu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimesalitiwa na sufuria!

Vita vilianza asubuhi, na vilianza vizuri mno. Kamanda Radi alipaa, akakamata meli ya Jenerali Barafu kwa mkono mmoja, akaikunja kama shuka. Mizani akauliza, "Maharusi, mmepatana?" Mke wangu akajibu kutoka jikoni: "Sana." Akaweka na moyo mwekundu. Nikang'oa mlima, nikamrushia Fundi Friji. Mizani akauliza tena. "Sana." Nikang'oa wa pili.

Ndipo mke wangu akatoka kwenda kwa seremala.

Seremala akamwambia hajawahi kuona sufuria yoyote. Yeye anachojua ni kwamba drili yake haijarudi. Nikasikia mlango. Nikasikia hatua za kwenda chumbani. Nikasikia nailoni ya godoro. Halafu nikasikia sufuria ikiwekwa sakafuni.

Na Mizani, kana kwamba ameajiriwa na adui, akauliza saa ileile kama tumepatana.

"Hapana."

Neno moja! Na mimi niko angani! Kamanda akaanguka kama embe bovu, akasimama tuli katikati ya bustani. Fundi Friji akaandika kwamba askari wake wamemkuta Kamanda amesimama kama mlingoti, na kwa kuwa jua ni kali wamemwanikia soksi. Nikakata rufaa! Nikamwandikia Mizani kwamba ugomvi wa sufuria ya jikoni iliyotobolewa macho si ugomvi wa mwaka elfu tano. Akajibu kwamba sufuria hiyo ndiyo kofia ya deraya niliyomletea mwenyewe, kwa hiyo ugomvi umo ndani ya deraya kabisa. Bendera ya Barafu ikapandishwa juu ya kuba letu. Fungate umekwenda. Na bembea.

Mama mkwe aliiinua sufuria kwenye mwanga wa dirisha. Akasema sufuria imeshapata macho mawili, mkwe wake bado anatafuta la kwanza. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Chakula kilipikwa kidogokidogo kwenye sufuria ndogo, wakala kwa zamu. Zamu yangu ilikuwa ukoko.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu hakunisemesha mpaka chai. Nikamwomba radhi. Nikamwambia niliogopa tutanyang'anywa bembea, na ile ndiyo fungate pekee niliyoweza kumpa. Akanitazama sana. Akasema sufuria inazibika. Kilichomuuma ni kusimama mlangoni kwa seremala akidai kitu ambacho hakikuazimwa, huku mafundi wote wanamtazama. Nilimshika mkono, naye hakuuondoa.

Kisha akakaa karibu nami, akachukua simu, akaandika sentensi moja: "Mtunza Bustani anafunga mizigo yake, anaondoka Fungate."

Fundi Friji akamtakia safari njema. Mizani akamkumbusha Jenerali Barafu kwa adabu zote kwamba mtunzaji akiondoka mimea inakauka, mimea ikikauka hewa inakwisha, na kwamba jeshi lake lote liko ndani ya kuba.

Fundi Friji akaifuta ile safari njema yake. Halafu: "Shemeji, haraka ya nini?"

Wamepatana. Mwezi umerudi kwetu. Bendera ya Barafu itabaki kwenye kilima kimoja cha nyuma, na askari wake watamwagilia maua kila asubuhi. Nikauliza kuhusu Kamanda. Mke wangu akasema soksi zibaki mpaka zikauke vizuri. Uonevu! Ndani ya nyumba yangu! Lakini jioni ameandika kwamba kwenye bembea kuna nafasi moja wazi. Nimeketi, soksi na yote.

Jumatatu, 11 Machi

Nimetafakari kwa kina, na kosa langu nimeliona. Nilichagua udhaifu unaomtegemea mtu mnyofu.

Deraya mpya! Ina nguvu mara mbili ya ile. Itazimika siku moja tu: siku mama mkwe atakaponisifu mbele ya watu. Jua litapoa kabla ya hapo! Mizani ameipitisha papo hapo. Papo hapo, kama bustani! Fundi Friji ameweka kidole gumba tu. Anatetemeka. Jumamosi jioni navamia makao yake makuu, na soksi zake atazivaa mbichi.

Mke wangu ameisoma, amecheka mpaka amefuta machozi, akanibusu kwenye paji la uso. Sasa yuko jikoni anaongea na mama yake kwenye simu. Namsikia akimwambia ana ombi dogo, ni la maneno tu, kama kumeza dawa chungu, mara moja na limekwisha. Binti anayempenda mama yake hivi! Nimeoa, jamani, nimeoa!

Mama mkwe atakuja tena Jumamosi mchana. Ameagiza niwaite na majirani, ana neno la kusema juu yangu. Bila shaka ni kuomba radhi kwa yale ya macho.

Nimemwalika na Fundi Friji, akasikie kwa masikio yake.