Mtu Mmoja Mwenye Shahada Hiyo

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Barua ya chuo imefika! Nafasi nimepata: shahada ya bayoteknolojia, miaka minne. Nithibitishe kabla ya saa kumi na moja jioni Ijumaa, la sivyo anapewa mwingine.

Nimechora jedwali. Kushoto gharama, kulia matarajio ya kazi. Kushoto: ada, malazi, ada ya maabara, koti jeupe, vitabu. Karatasi ikajaa, nikageuza. Kulia nimeandika "mengi" na kupiga mstari chini yake.

Baba, fundi kufuli, amelisoma mara mbili huku ameshika shavu (lile jino lake bovu). Hela itabidi itoke kwenye kiwanja alichojiwekea kwa ajili ya uzee. Akasema hauzi kiwanja kwa neno "mengi". Nimletee mtu mmoja tu mwenye shahada hiyo, na anayeifanyia kazi. Akimwona kwa macho yake, anauza.

Mtu mmoja! Mbona rahisi.

Jumanne, tarehe 5

Si rahisi. Nimezunguka mji mzima na daftari. Maabara ya hospitali: hawaajiri. Kiwanda cha dawa za mifugo: mlinzi alisema mwenye shahada hiyo alikuwepo, siku hizi anauza bima. Ofisi ya kilimo: niache namba ya simu. Karatasi za namba za simu zilikuwa rundo zima, na juu yake wameweka kikombe cha chai.

Kulia nimefuta "mengi". Nimeandika "yapo".

Binamu, anayesomea uhasibu na hakosi chakula cha jioni kwetu, aliuliza nikihitimu nitaajiriwa na nani, ukungu? Baba alicheka mpaka akapaliwa. Mama hakucheka, lakini si kwa kunihurumia. Ni mtindi wake wa biashara. Wiki ya tatu sasa unatoka mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo, na wateja wanarudisha vikombe.

Jumatano, tarehe 6

Mpango! Mtu asipopatikana, atengenezwe. Nimemchagua muuza mayai wa kona ya posta. Ana miwani, anaongea polepole, na baba hali mayai, kwa hiyo hamjui.

Nimemwandikia kurasa mbili za kukariri. Anaongoza idara kwenye kampuni kubwa. Ana dereva. Kinyozi ameniazima koti jeupe. Nywele za wateja nimezikung'uta mwenyewe. Muuza mayai alisoma, kisha akaniuliza kama nina hakika na shahada hii. Nikamwambia, kaka, wewe kariri tu, mambo ya kitaalamu niachie mimi. Akanitazama kwa huruma. Sijui kwa nini.

Alhamisi, tarehe 7

Nimekwisha.

Alianza vizuri. Baba akauliza dereva yuko wapi. Akajibu ameenda kutia mafuta. Hilo halikuwa kwenye kurasa zangu, nikampa heko moyoni. Kisha mama akaleta mtindi, akiomba radhi kwa ule wepesi. Mgeni akaonja. Idara ikasahaulika hapo hapo. Akamuuliza mama mbegu ya mtindi anaitoa wapi. Mama akasema kila siku anabakiza ya jana, tangu mwaka juzi. Mgeni akasema, mama, ugonjwa ndio huo: bakteria wako wamechoka, na wavamizi wameingia. Atafute mbegu mpya, achemshe maziwa, ayaache yawe vuguvugu, ndipo atie. Nilimkanyaga mguu mara tatu. Wapi!

Baba akauliza hayo kayasomea wapi. Jamaa akavua koti, akalikunja vizuri, akasema mzee nisamehe, yale ya mwanzo yalikuwa ya kijana wako. Shahada ya bayoteknolojia anayo kweli. Daraja la kwanza! Ametafuta kazi miaka sita.

Baba hakufoka. Afadhali angefoka. Alibaki anatazama ile miwani ya mgeni, yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi.

Kulia nimefuta "yapo".

Ijumaa, tarehe 8

Hesabu ya asubuhi: mwenye daraja la kwanza anauza mayai. Mimi niliyepona biolojia kwa chupuchupu nitauza nini? Maganda.

Saa sita mchana nimepeleka chuoni barua ya kukataa nafasi. Bora kujitoa kuliko kutolewa, binamu asipate la kusema. Karani akagonga muhuri, akamwita binti aliyekuwa akisubiri nafasi kwenye benchi. Binti alilia kwa furaha. Nikamwazima kalamu.

Saa tisa nikafika nyumbani. Jikoni kuna muuza mayai na mama, na kipimajoto. Mtindi waliotia mbegu mpya jana umeganda, kijiko kinasimama wima, vikombe karibu vyote vimeuzwa. Wamekubaliana: mayai basi, wanafanya mtindi pamoja.

Baba alikuwa mlangoni na hati ya kiwanja mkononi. Akasema mtu mwenye shahada hiyo, anayeifanyia kazi, si huyo hapo jikoni? Amemwona kwa macho yake. Dalali anakuja saa kumi. Barua ya chuo iko wapi tuthibitishe?

Nikampa nakala ya barua yangu. Aliisoma mara mbili. Akaingia chumbani, akafunga kwa ufunguo. Fundi kufuli akifunga, pamefungwa.

Jumamosi, tarehe 9

Nimelichambua kosa langu kwa utaratibu, na nimelipata: nilichagua mtu aliyesoma.

Mwakani naomba udaktari wa meno. Jedwali jipya tayari, na kulia nimeandika "mengi". Baba atataka mtu mmoja, namjua. Safari hii ni kinyozi. Koti ni lake mwenyewe, na nimemhoji kwa makini: chuo hajawahi hata kukipita kwa nje.

Baba ameamka shavu limevimba, jino lile lile. Hilo halihusiani na mpango.