Siku Kipaza Alipofunga Mdomo na Beringi Ikaingia

Tegeni masikio, enyi waungwana! Acheni sufuria ziungue na watoto wagombane, kwa maana habari hii haijapigiwa ngoma hata moja, nami naona haya ikipotea hivihivi. Ni habari ya Kipaza, simba wa majukwaa, mshereheshaji mstaafu aliyeweza kumsifu bwana harusi asiyemjua hadi mama mzazi akauliza ni mwanawe gani huyo. Na ni habari ya pikipiki yake ya Kiingereza, mama wa moshi, iliyotoka kiwandani kabla yeye hajaota jino.

Basi pikipiki ile iliugua. Ndani ya giaboksi, beringi, ile pete ya chuma yenye gololi inayobeba shafti, ilikuwa imelika, na kila gia ikipandishwa ilitoa mlio wa paka aliyekanyagwa mkia. Ikalazwa pembeni mwa ukumbi, ikidondosha oili sakafuni, mpaka mkewe, malkia wa keki, akaitaka pembe ile aweke joko la pili. Hakupigana na mumewe kwa maneno, maana kwa maneno angeshindwa. Alimwita mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Baba watoto," alimwambia asubuhi ile, "mwenye mkokoteni anakuja leo. Akikuta inatembea, itabaki. Akikuta imelala, anaibeba. Nimemaliza."

Shujaa akainyakua spana. Pikipiki ile ndiyo iliyomleta mkewe nyumbani siku ya harusi, shela imenasa kwenye taa ya nyuma, na hakuweza kuvumilia kuiona ikikatwa vipande.

"Ewe mwenza wa maisha yangu!" akanena, spana ikipepea hewani. "Naapa kwa nati na boliti, leo jua halitazama kabla—"

"Joko liko tupu mpaka saa sita," mkewe akamkata kauli. "Baadaye nina keki ya watu."

Siri ya vita ile ilikuwa hii: chuma kikipata moto hutanuka, kikipata baridi hujikunja. Nyumba ya giaboksi, yaani ganda lake la alumini, ikafunguliwa, ikaenda jokoni. Beringi mpya ikalazwa kwenye friza, ubavuni mwa njegere. Kisha viwili hivyo vikutanishwe upesi. Upesi! Neno hilo lishikeni, kwani yeye hakulishika.

Jikoni kote kukanuka oili kuukuu. Nyumba ikatolewa, ikagongwa juu ya kibao, na beringi mbovu ikaanguka yenyewe. Shujaa, ndani ya glovu za mkewe zenye maua, akaitwaa ile mpya, nyeupe kwa baridi, akaiinua juu ya kichwa chake. Akahutubia.

"Ewe beringi, mgeni wetu mheshimiwa! Unaingia katika nyumba ya watu wenye jina. Aliyekutangulia alibeba mizigo bila kunung'unika, isipokuwa mwishoni, na hata hapo alikuwa na haki. Nami, kwa niaba ya familia, na kwa idhini ya wazee waliohudhuria..."

Alipofika kwenye shukrani za kamati ya maandalizi, alumini ilikuwa imepoa na beringi inatoka jasho. Akaichomeka. Ikaingia upande mmoja, ikakwama kama mlevi mlangoni.

"Hodi humu!" Minyororo ya mkokoteni ikalia kibarazani. "Mama, mzigo wenyewe uko wapi?"

Mke akamtazama mumewe amesimama na glovu za maua. Huruma ikamshika, ingawa hakupenda imshike. "Karibu, kaka, kaa hapo kidogo. Tunarudia mara moja tu. Ikikwama tena, ni yako." Akamgeukia Kipaza. "Na wewe, ukitoa hata bismillahi kwa sauti, anaondoka nayo. Isemee moyoni."

Beringi ikatolewa, ikarudi kwa njegere. Nyumba ikarudi motoni. Na hapo, enyi wasikilizaji, likatendeka lisilowahi kutendeka tangu shujaa yule ajue kusema. Midomo ilimtetemeka. Mishipa ya shingo ilimsimama. Hotuba nzima, yenye utangulizi na salamu kwa wageni wa mbali, ilimpanda kooni, akaimeza. Mke akafungua joko, mume akafungua friza, wakakutana mezani, na beringi ikashuka: pu! Ikakaa sawasawa.

"Lahaula! Imeingia!" akapiga kelele yule wa vyuma, akisahau kabisa yeye ni wa upande gani.

Akasahau hata mkokoteni wake, kwani alasiri yote alimshikia Kipaza tochi, huku shafti, gia na boliti zikirudi mahali pake. Kiki ya kwanza ikaleta kikohozi, na ya pili vilevile. Iliyofuata ikaamsha ngurumo, vyombo vikacheza kabatini. Gia ya kwanza ikaingia bila mlio wowote.

Mke akasimama mlangoni, unga umemjaa hadi viwikoni. "Haya, mume wangu," akasema kwa upole. "Sasa sema. Sema yote."

Kipaza akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Machozi yakamlenga, akapiga kofi kiti cha nyuma.

"Panda," akasema.

Mkewe akapanda, na unga wake wote. Wakaenda mpaka kona ya mtaa, wakarudi. Basi andikeni, enyi waandishi wa tarehe, vizazi visome: hiyo ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizotoa Kipaza, na ndiyo pekee aliyoisikiliza mkewe mpaka mwisho.