Selemani Mipango Apanda Migomba

Mwaka ule bei ya mkonge ilipanda, na Tanga nzima ikapanda nayo. Kodi ya chumba ilipanda, samaki wakapanda, hata kinyozi wa karibu na stesheni akaongeza senti kumi kwa kichwa kilekile. Waliofurahi walikuwa wenye mashamba. Sisi wengine tulianza kunywa chai bila maziwa, tukawa tunaambiana kwamba maziwa yanaharibu tumbo.

Chai ya namna hiyo ndiyo aliyokuwa akinywa Selemani Mbaruku, maarufu kwa jina la Mipango, asubuhi moja katika mgahawa wa barabara ya saba. Kazi yake tangu ujana ilikuwa kuuza vitu visivyo vyake kwa watu wasiovihitaji. Mimi mwenyewe aliwahi kuniuzia baiskeli, na mwenye baiskeli akaja kuichukua kabla sijajifunza kuipanda. Sina kinyongo naye. Mtu anayenunua baiskeli asiyojua kuipanda ana mengine ya kujiuliza.

Lakini Selemani alikuwa amefika miaka hamsini na saba, na magoti yake yalikuwa yameanza kumsaliti. Ujanja ni kazi ya miguu: ukishauza, uondoke upesi. Mwezi uliopita alikuwa amekamatwa na mnunuzi wa miaka sabini, tena yule mzee alikuwa anatembea tu. Makarani wa serikali wakichoka hupewa kiinua mgongo, lakini wajanja hakuna anayewakumbuka. Selemani alitaka mpango mmoja tu, mnono, kisha apumzike kabla hajachekwa na mji mzima.

Meza ya pili alikaa Tobia Mhina, karani wa reli aliyestaafu juzi tu, pamoja na mkewe Raheli.

"Daktari kasema nitembee," Tobia alikuwa akilalamika. "Nitembee wapi na joto hili? Nikifika sokoni nimelowa shati zima."

"Na nyumba?" Raheli aliuliza. "Kwa kodi hii, kiinua mgongo chako kitakwisha kabla yetu."

Selemani akageuza kiti.

"Mzee wangu, samahani kwa kuingilia. Umeshafika Lushoto?"

"Nimekata tikiti nyingi za Mombo," Tobia alisema. "Mwenyewe sijapanda."

"Basi ulikuwa unawapeleka wenzio peponi ukabaki kituoni. Gavana mwenyewe akichoshwa na joto la Dar es Salaam hukimbilia huko. Yeye hupumzika wiki chache, wewe utapumzika mwaka mzima. Sasa mkubwa nani?"

Tobia alicheka kidogo, na Selemani akajua mlango umefunguka.

"Kabichi, viazi, peasi, vyote unanunua kwa bei ya kuona aibu. Mbu hakuna. Usiku blanketi mbili. Na kutembea, mzee wangu! Huko hata ukienda chooni umepanda mlima."

"Na mahali pa kujenga?" Raheli aliuliza. Huyu hakuwa amecheka.

"Mimi ninalo shamba," Selemani alisema. Ndiyo kwanza alikuwa analisikia shamba hilo yeye mwenyewe. "Natafuta watu wazuri wa kuwauzia. Njooni Lushoto baada ya wiki tatu, nitawapokea."

Hivyo ikabidi shamba lipatikane. Selemani alipanda treni hadi Mombo, kisha akapanda juu kwa lori la mbao lililokuwa likirudi tupu kwenye misitu ya Shume. Akashukia kijiji kimoja mbele ya Lushoto, akatafuta mtu mpole mwenye ardhi nyingi. Wakamwelekeza kwa Mwanamisi, bibi mjane aliyekaribia miaka sabini, ambaye alimkuta barazani anapepeta maharage.

"Onga makeo," bibi alimwamkia kwa Kishambaa, akimtakia asubuhi njema.

"Marahaba," Selemani akajibu, maana kwake kila salamu asiyoielewa lazima iwe ya heshima.

Bibi akahamia Kiswahili, taratibu, jinsi anavyosemeshwa mtu mgonjwa. "Karibu, baba. Umepotea?"

"Shikamoo, bibi. Sikupotea. Naomba kuazima shamba kwa msimu mmoja tu. Lile pale juu, linaloonekana kutoka barabarani."

Bibi akaacha kupepeta. "Lile la mteremko?"

"Hilohilo."

"Hakuna lingine unalolitaka?"

"Hilo ndilo lenye upepo mzuri."

"Chukua, baba."

Mtu mwingine angeshangaa kwa nini bibi hajauliza hata jina. Selemani aliona kwamba ulimi wake bado unafanya kazi, akajipongeza. "Na nipande nini, bibi?"

"Wewe panda tu unachopenda," bibi alisema, akaendelea na maharage yake.

Siku ya pili Selemani alisimama juu ya shamba, akaona pamekaa uchi mno. Mstaafu hawezi kununua upepo peke yake. Alikuwa ameona kwamba katika milima ile kila nyumba ya maana imezungukwa na migomba, basi akanunua machipukizi ishirini akayapanda kwa mikono yake, mchana, mbele ya kila apitaye. Watu walisimama njiani, wakatazama, wakampa hongera. Alisema asante bila kuuliza hongera za nini. Jasho lilimtoka, magoti yakalia, naye akajicheka: miaka yote alikuwa akikwepa kazi, na leo anafanya kazi ili aweze kudanganya.

Tobia na Raheli walifika siku waliyopanga. Waliupanda mteremko wakisimama kila hatua kumi, Selemani akiwaambia kwamba kule kuhema ndiko dawa yenyewe. Raheli alifika juu akaangalia kulia na kushoto.

"Nikiweka kiti hapa," alisema, "kesho nitakikuta wapi?"

"Hapa huweki kiti, mama. Unaegemea mlima."

Lakini Tobia alikuwa amevua kofia. Upepo wa juu ulimpiga usoni, mbele yake mabonde yakashuka moja baada ya jingine, na mtu huyu aliyekaa miaka thelathini nyuma ya dirisha la tikiti akawa karibu kulia. Hapo Selemani alisikia kitu kidogo kikimchoma moyoni. Alikipuuza, kwa kuwa Tobia alikuwa tayari anatia mkono ndani ya koti. Bahasha ikatoka. Ndani yake kulikuwa na uzee wote wa watu wawili, na Tobia akaiweka mkononi mwa Selemani bila kuihesabu, kwa imani.

Wakati huohuo jumbe wa pale akatokea njiani, pamoja na karani mwenye daftari. Nyuma yao alikuja Mwanamisi, polepole, akiwa amevaa kanga mpya.

"Shikamooni, wazee," jumbe alisema, maana alikuwa kijana kuliko wote. Walipomwitikia, akaonyesha kwa fimbo. "Migomba hii ni ya nani?"

Lilikuwa swali dogo, lakini Selemani aliliona ukubwa wake. Akisema si yake, bahasha inarudi kwenye koti. Akisema ni yake, haijulikani kitakachofuata. Alichagua kisichojulikana, kama alivyochagua maisha yake yote.

"Yangu," alisema, kwa sauti ya kutosha ili Tobia asikie vizuri.

"Uliipanda mwenyewe?"

"Kwa mikono hii."

"Watu wakiona?"

"Mchana kweupe!"

Jumbe akamgeukia bibi. "Umesikia?"

"Nimesikia, na sina neno."

"Andika," jumbe akamwambia karani.

Inanibidi nieleze, kwa faida ya watu wa Tanga wenzangu tusiojua lolote. Huko milimani shamba la kuazima hupandwa maharage au mahindi, vitu vinavyoondoka msimu ukiisha. Mgomba hauondoki. Ukipanda migomba mbele ya watu umetangaza kwamba hapo ni kwako, na mwenye shamba akinyamaza, amekupa. Mwanamisi alikuwa amenyamaza kuanzia chipukizi la kwanza hadi la ishirini.

"Hongera, mzee," jumbe alisema. "Sasa mwenye shamba ni wewe. Amri ya serikali ni kila mteremko ulimwe matuta ili udongo usichukuliwe na mvua. Hili limechelewa miaka miwili. Utaanza pale chini, uishie kule kwenye mawe."

Selemani aliyatazama mawe. Tangu afike hakuwahi kuona kwamba shamba linafika mbali kiasi kile.

"Lakini mimi nauza! Mnunuzi ndiye huyu."

"Mgeni wa juzi hauzi. Kwanza matuta." Jumbe akamgeukia Tobia. "Mzee, umempa chochote?"

Tobia akaionyesha bahasha kwa kidole. Bahasha ikarudi kwa mwenyewe, nayo ilikuwa bado ina joto la koti lake.

Hapo Selemani alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni: alisema kweli. "Shamba si langu! Nilidanganya! Mimi ni mwongo, ulizeni Tanga nzima!"

Jumbe na karani wakacheka sana. "Kila anayeandikwa matuta husema hivyo," karani alisema.

"Mimi namwamini," alisema Raheli.

"Na stakabadhi ya kodi ya kichwa ya mwaka huu unayo?" jumbe aliuliza.

Selemani hakuwa na ya mwaka huu, wala ya mwaka mwingine wowote. Kwa hiyo alipewa uchaguzi: kushuka Lushoto na polisi, au kubaki na jembe. Aliyaangalia magoti yake, ambayo hayangeweza tena kumkimbia askari, akachukua jembe.

"Usinikasirikie, baba," Mwanamisi alimwambia. "Mteremko huu ulikuwa unaniua. Niliwapa wanangu, wakakimbilia Bulwa kuchuma chai. Nikampa mwalimu, akauliza maswali. Wewe hukuuliza."

Selemani akakaa chini akacheka mpaka machozi. Miaka arobaini katika kazi ile, na bwana wake wa kweli alikuwa bibi mwenye ungo.

Tobia na Raheli hawakurudi Tanga. Mwanamisi aliwapangisha nyumba ya marehemu kaka yake huko chini penye tambarare, kwa bei ndogo, mbele ya mashahidi, na Raheli akaweka kiti chake kikakaa. Selemani alipewa kibanda kando ya migomba. Yote aliyoyahubiri mgahawani yakamfika: upepo, kabichi, blanketi mbili, na mazoezi ya kutosha kabisa. Mwezi wa kwanza alimtukana jumbe. Wa pili alijitukana mwenyewe. Wa tatu jumbe alisema anaweza kushuka Mombo kwa siku chache akitaka, naye akasema atakwenda akimaliza tuta la kumi na moja.

Mvua kubwa zilipokuja, mashamba ya jirani, yaliyolimwa matuta juujuu, yalishuka hadi barabarani. La Selemani lilibaki mahali pake. Alitoka na gunia kichwani kuhakikisha, akapita tuta moja moja, akasimama palepale kwenye maji akiwa amefurahi, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Asubuhi yake Tobia alikuja katika matembezi yake ya daktari, na fimbo yake na koti lake. Njia ilikuwa na tope. Akaamua kukata moja kwa moja, akaweka buti juu ya tuta, ukingo ukamomonyoka.

"Mzee!" Selemani akapiga kelele kutoka juu. "Ondoa mguu! Hilo tuta langu!"

Maisha yake yote alikuwa amesema "langu" juu ya mali za watu, na neno halijawahi kumshtua. Leo lilikuwa la kweli, likamshtua, akabaki amelishika jembe kwa mikono miwili, haya na furaha vimemchanganya, asijue aombe radhi au aseme tena.

Tobia aliondoa mguu, akaomba samahani, akazunguka kwa chini kwenye tope.