Wazazi Thelathini na Sita, Kalamu Moja

Jumatatu, 3 Machi

Magoti bado yanauma. Mkutano wa wazazi wa juzi ulifanyika katika chumba cha darasa la kwanza, na chumba cha darasa la kwanza kina madawati ya darasa la kwanza. Kuingia niliingia. Kutoka ilibidi nisaidiwe na fundi bomba, ambaye alinitoa kwa namna anayoijua yeye, yaani kwa kunizungusha.

Na wakati sisi tumekunjwa hivyo, Shemeji amekaa mbele kwenye kiti chenye mikono. Kwa nini? Eti yeye ni Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi. Kinyozi! Mtu ambaye kazi yake yote ni kupunguza. Mimi, fundi cherehani, niliyeshona nusu ya sare za shule hii, nakaa magoti yamegusa kidevu. Kwa kuwa ni kaka wa mke wangu, nyumbani siwezi kusema neno. Nasema hapa. Kiti kile nakitaka.

Habari njema. Mwalimu mkuu katangaza kwamba wiki hii kutakuwa na sanduku la maoni getini. Wazazi waandike wanavyoiona shule yetu, mazuri na mabaya, bila kutaja majina. Jumamosi maoni yatasomwa mbele ya afisa elimu, kisha tutachagua mwenyekiti. Bila kutaja majina! Nilitamani kumkumbatia yule mama.

Mpango ni huu. Wazazi wengi wakilalamika, mwenyekiti ataonekana hafai. Wazazi wengi watatoka wapi? Watatoka hapa, kwenye kalamu.

Jumanne, 4 Machi

Nimewaambia wateja wawili kwamba cherehani imevunja sindano. Nikakaa kuandika tangu asubuhi hadi adhuhuri. Maoni kumi na manne. Nimekuwa Mzazi Mwenye Uchungu, nimekuwa Mama wa Watatu, nimekuwa Babu Mlezi. Babu Mlezi nimempenda sana. Ana hasira lakini ana busara.

Tatizo moja. Shule yenyewe haina ubaya wa kutosha. Vyoo vinasafishwa. Walimu wanafika, tena mapema. Mapaa hayavuji. Utamsema vipi mtu asiyekukosea? Ikabidi nijitume. Nikaandika kwamba bomba la shule lina maji mengi mno, watoto wanarudi wameloa. Nikaandika kwamba kengele inalia kwa dharau. Babu Mlezi amelalamikia rangi ya kuta, kwamba inamkumbusha alipolazwa. Kila karatasi imeishia na swali lilelile: Je, Mwenyekiti wa Kamati yuko wapi?

Mke wangu kauliza mbona naandika kwa mkono wa kushoto. Nikamjibu kwamba wa kulia umechoka, naupumzisha. Akasema sawa, baba watoto, kwa sauti ile inayomaanisha si sawa.

Jumatano, 5 Machi

Nimefika getini saa mbili. Mbele ya sanduku nimemkuta nani? Shemeji. Mikono yake nyuma. Yangu pia nyuma. Tukasalimiana kwa kirefu. Habari za nyumbani, habari za kazi, habari za mgongo. Akanikaribisha nitangulie. Nikamkaribisha yeye. Hakuna aliyesogea. Mwishowe mlinzi akasema amechoka kututazama, kila mtu atumbukize alichonacho aende zake.

Shemeji akatumbukiza bunda nene. Nililiona kwa macho yangu! Bila shaka anajisifu mwenyewe kwa majina ya watu. Binadamu hana haya. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, nilipaswa kujua.

Nimerudi dukani mbio kuongeza wazazi. Karatasi zimekwisha. Nikakumbuka vile vikaratasi vyangu vya vipimo, ninavyovitundika kwenye msumari ukutani. Upande mmoja una vipimo vya mteja, upande wa pili ni mweupe kabisa. Kununua karatasi nyingine wakati hizi zipo ni ufujaji. Na nani husoma karatasi pande zote mbili?

Malalamiko nayo yakawa yamekwisha. Nikajiuliza, katika shule hii yote, kitu gani hasa kinanikera mimi? Jibu likaja lenyewe. Mwalimu wa darasa la tatu, darasa la binti yangu. Kwanza, Shemeji hujigamba kila mahali kwamba ni yeye aliyepigania mwalimu huyo aletwe. Pili, tangu aje, mtoto wangu ananisahihisha. Majuzi kaniambia mbele ya mteja kwamba nusu ya ishirini na saba si kumi na tatu. Suruali nzima ikafumuliwa.

Basi wazazi wapya ishirini na wawili, wote wanamlalamikia mwalimu wa darasa la tatu. Anajua mno. Anafundisha hadi watoto wanaelewa, heshima nyumbani inapungua. Ahamishwe. Nimetumbukiza saa kumi kasoro, mlinzi akiwa anakunywa chai. Jumla thelathini na sita. Kiti kinaninukia.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya.

Binti yangu karudi shuleni macho mekundu. Hakuvua viatu, hakula. Mama yake akambembeleza mpaka akasema. Mwalimu mkuu amefungua sanduku kupanga maoni kabla afisa hajafika, na shule nzima sasa inajua. Wazazi ishirini na wawili wanataka mwalimu wa darasa la tatu aondoke. Afisa akikubali, Jumatatu mwalimu anahamishiwa shule nyingine.

Sikutegemea. Mimi nilitaka kiti tu. Nani alijua kwamba maoni husomwa na watu wanaoyachukua kwa uzito?

Niandike jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mwaka jana binti yangu alikuwa hajui kusoma. Alikuwa anakariri picha za kitabu na kutudanganya, na sisi tukadanganyika. Mwaka huu mwalimu huyu aligundua wiki ya kwanza. Alibaki naye kila siku baada ya vipindi, wiki sita, bila kumwambia mtu. Siku moja mtoto akasimama dukani kwangu akasoma kibao kizima cha ukutani, pamoja na pale nilipokosea. Niligeukia cherehani nikajifanya natafuta uzi. Nililia.

Leo kaja kusimama mbele yangu na kusema, "Baba, huyo mzazi anayemchukia Mwalimu ni nani? Mimi nataka nimwone tu."

Nilimwambia ni watu wabaya, asijali. Nilijisikia vibaya sana, kwa muda wa kama dakika kumi. Kisha nikapata mpango.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango ni kumwokoa mwalimu bila mimi kujulikana. Kwenda kusema ukweli? Nimeufikiria ukweli. Una madhara mengi.

Nimeandika maoni thelathini ya kumsifu, kwa vikaratasi vilivyobaki kwenye msumari. Nimekuwa Mama Mshukuru, nimekuwa Mjane Mwenye Furaha. Babu Mlezi amebadili msimamo. Lakini nilipofika getini nikakuta sanduku limetiwa kufuli na karatasi ya gundi. Mlinzi kasema limefungwa tangu jana, na hata kama lisingefungwa, mimi ameshanichoka.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Nani ameleta koti lake nibadilishe zipu? Mwalimu mkuu! Nikashona zipu, nikajaza maoni thelathini kwenye mifuko miwili, nikapiga pasi juu yake. Atayakuta mfukoni, atadhani aliyatoa sandukuni akasahau. Mtu mwenye kazi nyingi hujisahau. Amechukua koti saa tisa. Kaniambia limekuwa zito. Nikamjibu kwamba zipu za siku hizi ni imara.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Afadhali angesema.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi kitandani, kwa sababu za mgongo na za heshima.

Mkutano ulijaa. Afisa elimu, mzee mwembamba wa miwani, alikaa pembeni ya Shemeji. Darasa la tatu zima lilikuwa limesimama dirishani nje, binti yangu mbele kabisa. Mimi nilikuwa dawatini, nimeshaingia, yaani nimeshafungwa.

Mwalimu mkuu akaanza na bunda la Shemeji. Maoni kumi na manane, yote yakisema Mwenyekiti wetu ni taa ya jamii. Kila alipofunua karatasi, nywele zikadondoka mezani. Watu wakacheka. Shemeji akatazama dari. Nilifurahi sana, na nafurahi niliitumia nafasi ile, maana haikurudi.

Kisha zikaja zangu za kwanza. Maji mengi mno. Kengele yenye dharau. Afisa akauliza kengele ni ya umeme au ya mkono. Kisha zile ishirini na mbili. Mwalimu mkuu akasoma ya kwanza, mwalimu wa darasa la tatu ahamishwe. Mwalimu mwenyewe, binti wa watu, alikuwa amekaa ukutani, mikono mapajani, anatazama sakafu. Afisa akaomba aione karatasi. Akaisoma. Halafu, bila sababu yoyote ya maana, akaigeuza.

Akasoma kwa sauti, kwa ule utulivu wa watu wa serikali: Mama wa duka la dawa, kiuno inchi arobaini na nne, nyonga hamsini na mbili, anataka ionekane pungufu.

Mama wa duka la dawa alisimama.

Afisa akachukua nyingine. Fundi bomba, mguu mmoja mfupi kwa nusu inchi, asiambiwe. Akachukua nyingine. Shemeji, kiuno arobaini na sita, kasema niandike thelathini na minane. Hapo chumba chote kikanigeukia. Mwalimu mkuu akatia mikono kwenye mifuko ya koti lake, akatoa maoni thelathini, akayaweka mezani polepole. Akasema koti hili lilikuwa kwa fundi.

Nikajaribu kuinuka niondoke. Dawati likainuka pamoja nami.

"Mzazi," akasema mwalimu mkuu, "una la kutuambia?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa na Babu Mlezi tayari ulimini, kwamba aliazima karatasi kwangu. Kisha nikamwona binti yangu dirishani. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama tu, kama alivyosema anataka kumtazama yule mzazi.

Basi nikasema. Nikasema wazazi wote thelathini na sita ni mimi, na wale thelathini wa mfukoni ni mimi, na kati yao wote hakuna hata mmoja mwenye akili. Nikasema mtoto wangu alikuwa hajui kusoma na sasa anasoma, na aliyemfundisha ni yule pale, na kama kuna mtu wa kuhamishwa nihamishwe mimi. Nikaapa sitafanya hila tena. Hata mama wa duka la dawa alikaa, ingawa hakukaa kwa amani.

Afisa akatenga karatasi zangu zote upande mmoja. Upande wa pili, malalamiko juu ya mwalimu wa darasa la tatu, sifuri. Akaandika kwamba anabaki. Dirishani watoto walipiga kelele hadi mlinzi akaja mbio.

Ukaja uchaguzi. Mwalimu mkuu akaomba wanaomtaka Shemeji aendelee wainue mikono. Wakati huo mimi nilikuwa nimeinua wangu kuomba nisaidiwe kutoka dawatini. Wakauhesabu. Shemeji amechaguliwa kwa kura zote, hakuna aliyepinga.

Jumapili, 9 Machi

Wateja wamepita tangu asubuhi, mmoja mmoja, kudai vipimo vyao. Fundi bomba hakudai chochote. Alikaa kibarazani akiitazama miguu yake kwa zamu.

Mke wangu kasema alijua tangu Jumanne, alitaka tu kuona nitafika wapi. Mchana binti yangu akaja akaegemea cherehani na kusema, "Baba, jana ulisema vizuri. Mwishoni." Nikajifanya natafuta uzi.

Hata mwalimu mwenyewe amekuja, kunishukuru! Nilitaka kujificha chini ya meza ya kukatia. Akasema yaliyopita si ndwele. Akasema mtoto ana akili na mwakani, akiingia darasa la nne, atafanya vizuri zaidi na mwalimu mwingine.

Mwalimu mwingine?

Nikamuuliza kwani yeye hapandi nao. Akasema hapana, utaratibu wa shule ni kwamba yeye anabaki darasa la tatu. Labda wazazi waombe. Akacheka, akaaga.

Nimeapa mbele ya watu sitafanya hila tena, na kiapo ni kiapo. Hii si hila. Hili ni ombi. Sanduku linafunguliwa tena mwisho wa muhula, na safari hii, kwa sababu yangu, maoni yote lazima yawe na jina na saini ya mzazi. Vizuri kabisa. Ombi kama hili litabeba uzito zaidi likitoka kwa Mwenyekiti wa Kamati, tena aliyechaguliwa kwa kura zote.

Shemeji hana haja ya kusumbuliwa. Saini yake naijua. Ipo kwenye cheti changu cha ndoa, shahidi wa kwanza, na nimekaa nayo mezani tangu saa nane najaribu ule mkia wa mwisho. Kwa mkono wa kushoto unatoka sawasawa.